Akupaye Kisogo Si Mwenzio: Na Huyu wa Kwenye Kioo Je?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Walikuwa wakimsema yule rafiki anayekugeuzia mgongo siku ya shida. Lakini hivi karibuni, nikiwa Ilongero, nilikabidhiwa mtu ambaye kazi yake yote ni kunipa kisogo, tangu mchezo unaanza mpaka unakwisha, na juu ya hayo nikaambiwa kwamba mtu huyo ni mimi mwenyewe. Mazungumzo yetu ya wiki hii yanamhusu yeye.

Kwa asiyepajua, Ilongero iko kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu. Ni nchi ya alizeti na vitunguu, ya kuku wa kienyeji na ya majabali makubwa yaliyolala mashambani kama ng'ombe waliopumzika. Nilikwenda huko kumjulia hali dada yangu. Sikwenda kutafuta habari za michezo ya kompyuta. Habari zenyewe ndizo zilizonitafuta.

Kisa ni hiki. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameketi mkekani na simu ya mama yake. Bibi yake, yaani mama mkwe wa dada, alikuwa uani akipepeta mtama. Ghafla mtoto akapiga ukelele: "Nimekufa! Nimekufa!" Bibi akatupa ungo, mtama ukamwagika, akaingia ndani mbio. Akamkuta mjukuu mzima wa afya, macho kwenye simu, anasubiri kufufuka.

Bibi hakucheka. Siku ya pili akamwuliza mtoto mchezo huo kaujulia wapi, na jibu likaelekea kwenye kibanda cha gemu kilicho jirani: televisheni moja, mashine moja kuukuu, pedi mbili na benchi. Wazazi kadhaa wakakutana chini ya mti pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Hoja ilikuwa moja, kibanda kifungwe, kwa kuwa watoto wanafundishwa kuua. Mwenye kibanda naye akaitwa. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na kibanda hicho ndicho kinachomlisha yeye na mdogo wake anayesoma. Akasimama kwa adabu, akasema: "Shikamooni wazee wangu. Hii michezo haifanani yote. Wengi wanacheza mpira. Ile ya bunduki ninayo mmoja tu, na ni ya mtu wa tatu."

Mzee mmoja akamkatiza: "Ya mtu wa tatu? Mimi nimeichungulia, nimewaona wawili. Anayepiga na anayepigwa. Huyo wa tatu yuko wapi?"

Watu wakacheka. Kijana akatafuta maneno, asiyapate. Ndipo dada yangu akanigeukia mbele ya kadamnasi: "Kaka, wewe unayesema redioni kila wiki, tuambie. Huyo mtu wa tatu ni nani?"

Ndugu msikilizaji, nami sikuwa na jibu. Niliomba siku chache, na katika siku hizo nikakaa kwenye lile benchi, nikashika pedi, nikafa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nikauliza, nikasoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na neno. Msemo huu umetoka kwa Waingereza, na wao wameuazima kwenye sarufi. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa Kiswahili anazikumbuka nafsi tatu. Ya kwanza ni anayesema: mimi, sisi. Ya pili ni anayeambiwa: wewe, ninyi. Ya tatu ni anayesemwa: yeye, wao. Nimepiga, umepiga, amepiga. Kumbe huyo "mtu wa tatu" si mtu wa kuhesabu kwa vidole. Ni nafsi ya tatu. Mzee wetu angeambiwa "nafsi" badala ya "mtu", asingehangaika kumtafuta nyuma ya televisheni.

Nafsi hapa maana yake ni mahali lilipo jicho. Katika mchezo wa shabaha wa nafsi ya kwanza, kioo kimekuwa macho yako. Mwili wako huuoni. Unaona mikono tu na mtutu wa bunduki, kama unavyoona mkono wako mwenyewe unapokata mboga. Katika mchezo wa shabaha wa nafsi ya tatu, jicho limetoka kichwani mwako, likarudi nyuma hatua mbili tatu, likawa linakufuata. Unaona kisogo chako, mabega yako, viatu vyako. Unajiona kama anavyokuona mtu anayetembea nyuma yako kwenye njia ya kwenda kisimani.

Kumtazama mpiga shabaha kutoka nje si jambo jipya katika sehemu zetu. Upande wa mashariki wa Singida, katika miamba ya Kondoa karibu na Kolo, kuna michoro ya kale ya watu na wanyama, na ndani yake wamo wenye pinde. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mchoraji yule hakuchora kile ambacho mwindaji alikiona kwa macho yake. Alimchora mwindaji mwenyewe, na upinde wake. Hiyo ni nafsi ya tatu juu ya jiwe. Tofauti ni kwamba mwindaji wa Kolo hawezi kugeuka ukimwambia geuka. Jambo jipya la zama hizi ni kwamba yule anayetazamwa, anatembezwa na huyo huyo anayemtazama.

Je, lilianza lini? Hapo ndipo wajuzi wanapokosana. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenzake walitengeneza Spacewar!, vyombo viwili vya anga vinavyopigana kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado akaleta Space Invaders, ambamo mzinga wako mdogo uko chini ya kioo, unakwenda kushoto na kulia, unafyatua juu. Katika yote miwili mchezaji anajiona kutoka nje. Kwa sarufi tupu, hiyo ni nafsi ya tatu.

Lakini wachezaji hawaiiti hivyo, na wana sababu. Katika michezo hiyo jicho limepigiliwa misumari. Halikufuati, halina mbele wala nyuma. Ni kama kutazama mpira kutoka juu ya paa la uwanja. Ili nafsi ya tatu ipate maana yake ya leo, ilibidi kwanza kioo kipate kina, yaani mchezaji aone mbali na karibu, aweze kugeuka na kukuta kitu kingine nyuma yake.

Kina hicho kilianza upande wa nafsi ya kwanza. Mwaka 1973 na 1974, vijana waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha NASA Ames, California, walitengeneza Maze War, mchezo wa kuwindana ndani ya vichochoro. Mwenzako alionekana mbele yako kama jicho kubwa linaloelea, kwani mwili wake hawakuwa wamemtengenezea. Miaka ishirini baadaye, Desemba 1993, kampuni ya id Software ya Texas ikatoa Doom, na mchezo huo ukaenea kama moto wa kiangazi. Iliyofuata kwa mtindo huo iliitwa kwa miaka kadhaa nakala za Doom tu. Jina la shabaha ya nafsi ya kwanza lilizoeleka baadaye. Nakuomba ulikumbuke hilo, kwa sababu tutalirudia: kitu kilikuja kwanza, jina likakifuata kwa kuchechemea.

Kisha ukaja mwaka 1996. Wajapani wa Nintendo walitoa Super Mario 64, na kwa kuwa watu hawakuzoea jicho linalofuata mgongo, wakaona heri walieleze. Wakaweka kiumbe aitwaye Lakitu, amepanda wingu, ameshika kamera, anamfuata Mario huku na huko. Ndiye huyo mzee wetu aliyemtafuta! Mtu wa tatu alikuwapo kweli, juu ya wingu. Mwaka huo huo, katika mji wa Derby, Uingereza, kampuni ya Core Design ikatoa Tomb Raider, na dunia ikamjua Lara Croft, mwanamke mwenye bastola mbili aliyebuniwa na Toby Gard. Mamilioni ya watu walikijua kisogo chake kabla hawajaujua uso wake.

Hata hivyo Lara alikuwa na siri. Ukichomoa bastola karibu na adui, yeye mwenyewe ndiye aliyelenga. Kazi ya mchezaji ilikuwa kukimbia, kuruka na kubonyeza. Kwa nini? Kwa sababu jicho la nyuma lina ila yake ya kuzaliwa: mwili unaziba shabaha. Jaribu kulenga embe mtini huku umesimama nyuma ya mtu mwenye mabega mapana, utajua ninachosema. Historia yote iliyofuata ya aina hii ya mchezo ni historia ya watu waliokuwa wakitafuta namna ya kumsogeza huyo mwenye mabega mapana bila kumfukuza.

Mwaka 2001 yalikuja majaribio mawili makubwa. Finland, kampuni ya Remedy ilitoa Max Payne, ambamo mchezaji analenga mwenyewe, na dunia hupunguza mwendo kwa muda ili apate kupumua. Na Uskochi, kampuni ya DMA Design ilitoa Grand Theft Auto III. Mchezo wa kwanza wa jina hilo, wa mwaka 1997, uliutazama mji kutoka juu kama kunguru. Huu wa 2001 ulimshusha kunguru, ukamweka nyuma ya mgongo. Ndugu yake wa mwaka 2004, San Andreas, ndio niliokuta Ilongero.

Suluhisho lililodumu lilikuja Januari 2005. Shinji Mikami wa kampuni ya Capcom, Japani, alitoa Resident Evil 4. Michezo ya awali ya jina hilo ilitazamwa na kamera zilizofungwa ukutani, kama zile za benki. Katika huu wa nne, ukiinua bunduki, jicho linasogea hadi juu ya bega la kulia. Mwili unabaki kushoto, shabaha inakuwa wazi kulia. Jambo dogo, ndugu msikilizaji, kama kumwambia mtu "hebu sogea kidogo nione." Lakini karibu wote waliofuata waliiga. Mwaka 2003 mchezo kill.switch ulikuwa umeonyesha namna ya kujibanza nyuma ya ukuta na kufyatua bila kutoa kichwa. Mwaka 2006 kampuni ya Epic Games ikayachukua yote mawili, bega na ukuta, ikatoa Gears of War. Tangu hapo kila mtu akawa anajua mchezo wa shabaha wa nafsi ya tatu unafananaje, hata kama hakujua kuueleza.

Sasa ninaweza kuueleza. Nilirudi chini ya ule mti na maswali matatu, nikawaambia wazazi kwamba mchezo ukijibu ndiyo mara tatu, basi ndio wenyewe.

Swali la kwanza: Je, jicho liko nje ya mwili, na linaufuata mwili huo unapokwenda? Swali la pili: Je, kazi kuu ni kupiga kutoka mbali, na mchezaji analenga mwenyewe? Swali la tatu: Je, mwili ule una uzito katika mahali ulipo, yaani unaweza kujificha nyuma ya kitu, kuzuiwa na kitu, kupigwa kwa sababu umesimama vibaya?

Tukaipima michezo ya kibandani. Mpira wa miguu umeanguka swali la pili. God of War, unaoonyesha mtu mwenye hasira na minyororo yenye visu, una jicho la nje, lakini kazi yake ni kukata, si kulenga. Huo ni ukatili wa ukoo mwingine. San Andreas ulituchelewesha. Bunduki zimo, jicho la mgongoni limo, lakini saa nzima unaweza kuendesha gari, kunyoa nywele na kula chakula. Tukakubaliana kwamba ni mji mzima, na shabaha ni mtaa mmojawapo. Na ule wa kwenye simu ya dada? Ulikuwa Free Fire, uliotoka mwaka 2017, uliotengenezwa Vietnam na kusambazwa na kampuni ya Garena ya Singapore, mwepesi kiasi cha kuingia katika simu za bei nafuu. Watu hamsini wanashuka kisiwani, anabaki mmoja au kikosi kimoja. Huo ulijibu ndiyo mara tatu bila kusita.

Mama mmoja akauliza swali zuri: "Kwani kuna tofauti gani, mbele au nyuma? Bunduki ni bunduki." Nikamjibu kwa mfano wa PUBG, mchezo mwingine wa mwaka 2017. Mwenye jicho la mgongoni akijibanza penye kona ya nyumba, jicho lake linaona ng'ambo ya kona ilhali mwili wake haujatokeza hata kidole. Anamwona adui, adui hamwoni. Wachezaji wengi walilalamika kuwa huo ni uchunguliaji, si ushujaa, na Agosti mwaka huo huo watengenezaji wakafungua viwanja vya pekee ambamo kila mtu hucheza kwa nafsi ya kwanza. Kwa hiyo nafsi si mapambo ya picha. Ni sheria ya mchezo. Inaamua nani anajua nini, na nani anaonewa.

Lakini bibi alikuwa bado hajasema, na yeye ndiye aliyemwagikiwa na mtama. Akasema: "Haya yote mazuri. Lakini mbona mtoto alisema *nimekufa*?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo limenitesa kuliko historia yote niliyoisoma. Bibi huyu ni mtambaji wa ngano. Maisha yake yote amewasimulia watoto habari za sungura na fisi, na sungura akasema, na fisi akaenda. Hakuna mtoto aliyewahi kusimama katikati ya ngano akasema "nimemdanganya fisi." Ngano ni ya nafsi ya tatu, na mtoto hubaki nje yake akicheka. Lakini mpwa wangu alikuwa akitazama kisogo cha mtu, mwenye nguo ambazo hajawahi kuzivaa, kisiwani ambako hajawahi kufika, na ulimi wake ukasema "nimekufa." Macho yake yalikuwa katika nafsi ya tatu. Ulimi wake ulikuwa katika ya kwanza.

Naamini hapo ndipo penye maana ya kweli ya mchezo huu, na waliouita wa nafsi ya tatu walitupa nusu ya jina. Ni mchezo ambao unamwona *yeye* na kumwita *mimi*. Hata mimi, kwenye lile benchi, mara ya kwanza nilipopigwa sikusema "jamani, amepigwa." Nilisema "wameniua hawa."

Je, hilo ni baya? Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuihusisha michezo hii na uhalifu wa mabavu, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 liliuingiza ulevi wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba mwanao kesho atakuwa jambazi, wala asikudanganye kwamba hakuna la kuangalia.

Na wapo watengenezaji walioutumia mgongo huo kumwuliza mchezaji maswali. Mwaka 2012 kampuni ya Yager ya Berlin ilitoa Spec Ops: The Line, mchezo wa shabaha wa nafsi ya tatu katika mji wa Dubai uliofukiwa na mchanga. Kuna mahali mchezaji anamimina moto wa kemikali kutoka mbali, akitazama vidoa vyeupe kwenye kioo cha mtambo, na uso wa yule askari anayemwendesha unaonekana umeakisiwa kwenye kioo hicho. Kisha analazimika kutembea katikati ya alichokifanya, na kukuta raia wameungua. Nyani haoni kundule, walisema wazee. Mchezo ule ulimgeuza nyani shingo.

Sasa nirudi kwa wazazi wenzangu. Marekani ilibishana habari hizi katika baraza la Seneti Desemba 1993, na mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya kupanga michezo kwa umri. Ulaya ilipata mpango wake mwaka 2003. Huko Ulaya kasha la San Andreas lina namba 18 mbele, kubwa, isiyohitaji miwani. Lakini sahani niliyoiona Ilongero haikuwa na kasha. Ilikuwa nakala ndani ya karatasi, na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mchezo umevuka bahari, onyo limebaki bandarini. Ndiyo maana nasema kazi ya kuupa mchezo jina na maelezo si anasa ya wasomi. Onyo la kigeni likipotea njiani, kinachobaki kumlinda mtoto ni lugha ya mama yake. Asiyejua maana haambiwi maana, na mzazi asiye na jina la kitu atafunga kibanda kizima au ataacha mlango wazi kabisa. Hana njia ya katikati.

Kuna jambo la pili lililo ndani ya jina. Mwenye jina anaweza kutengeneza chake. Kenya, mwaka 2007, kijana Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wenye kina, jicho nyuma ya msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 mwenzake Andrew Kaggia akaja na Nairobi X, wa nafsi ya kwanza, viumbe wa anga wakiivamia Nairobi. Na yupo Lual Mayen, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Uganda baada ya wazazi wake kuikimbia vita ya Sudan Kusini. Mama yake alidunduliza miaka mitatu kumnunulia kompyuta. Mchezo aliouona kwanza ulikuwa Grand Theft Auto. Naye akatengeneza wake, akauita Salaam, na humo hufyatui kitu. Unakimbia, unaokoa roho yako, unatafuta amani. Mwaka 2018 alitunukiwa Marekani. Angekuwa mtu asiyejua tofauti ya jicho na bunduki, angedhani vitu hivyo viwili havitengani. Yeye aliijua bunduki yenyewe, ndiyo maana aliweza kuiondoa mchezoni.

Niwaambie basi yaliyoamuliwa chini ya mti. Kibanda hakikufungwa. Kijana alinunua karatasi ya manila, akaibandika mlangoni, akaandika michezo yake yote kwa mafungu: ya mpira na mbio, ya kupigana kwa mikono na visu, ya shabaha. Mbele ya kila mmoja aliandika umri. Saa za shule hafungui kwa mwanafunzi yeyote, na San Andreas haumgusi mtoto. Mwenyekiti wa kitongoji aliahidi kupita mara kwa mara. Dada yangu alisema bado haupendi mchezo ule, na ana haki yake. Kijana alisema atapoteza baadhi ya wateja wadogo, naye nilimwonea huruma, kwa sababu ni kweli atawapoteza.

Bibi naye alitoa sharti lake, moja tu. Alimwita mjukuu mbele yetu akamwambia: "Cheza, ukimaliza kazi na masomo. Lakini ndani ya nyumba yangu sitaki kusikia *nimekufa*. Huyo unayemwona mgongo si wewe. Sema *amekufa*."

Mtoto akaitikia. Usiku ule, nikifunga mizigo yangu, nikamsikia chumba cha pili akiguna, kisha kwa sauti ya utii: "Bibi, amekufa."

Bibi akauliza gizani: "Nani?"

Kimya kikapita. Halafu mtoto akajibu: "Mimi."

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, kwaheri.